Nani Amlipe Nani? Kampuni Ndogo za Kebo, Vituo vya Televisheni vya Maeneo na Mgogoro wa Ada za Matangazo Nchini Marekani, 1948–2019

1. Utangulizi

Televisheni ya kebo nchini Marekani haikuzaliwa katika miji mikubwa. Ilizaliwa katika miji midogo iliyozibwa na milima, au iliyokuwa mbali na minara ya vituo vya televisheni, ambako mwenye seti mpya aliiwasha na kuona chengachenga tu. Katika miaka hiyo ya mwanzo ni wachache waliofikiri kuwa mwenye kebo alipaswa kumlipa mwenye kituo. Kebo ilimwongezea mwenye kituo watazamaji ambao antena za nyumbani zisingempatia, na idadi ya watazamaji ndiyo iliyopandisha bei ya matangazo yake ya biashara. Miaka 70 baadaye hali ilikuwa imegeuka. Warithi wa kampuni hizo ndogo walilipa ada ya kila mwezi kwa kila mteja ili wapeleke nyumbani matangazo ambayo mwenye antena aliyapata bure, na kampuni iliyokataa bei iliondolewa matangazo hayo.

Insha hii inachunguza jinsi mgeuko huo ulivyotokea. Hoja yake kuu ni kwamba Sheria ya Kebo ya 1992, iliyotungwa kwa kuzitazama kampuni kubwa za kebo, iliunda haki ambayo bei yake ilipangwa na nguvu za wanaojadiliana, si na gharama ya matangazo. Kwa sababu hiyo kampuni kubwa, ambazo ndizo zilizokusudiwa kudhibitiwa, ziliweza kujikinga kwa zaidi ya muongo mmoja, ilhali kampuni ndogo zilibaki bila kinga mizani ilipohama.

Dhana mbili zitatumika mara kwa mara. "Wajibu wa kubeba" ni kanuni inayoilazimisha kampuni ya kebo kuonyesha vituo vya eneo lake, itake isitake. "Ridhaa ya kurusha upya" ni haki ya kituo kuikataza kampuni ya kebo kuonyesha matangazo yake mpaka wakubaliane masharti. Dhana ya kwanza inamlinda mwenye kituo asiachwe nje. Ya pili inamwezesha kudai malipo. Sehemu kubwa ya historia hii ni safari ya sheria kutoka dhana ya kwanza kuelekea ya pili.

2. Antena ya jamii, 1948–1958

Mwezi Septemba 1948 Tume ya Mawasiliano ya Shirikisho (hapa itaitwa Tume) ilisimamisha utoaji wa vibali vipya vya vituo vya televisheni ili ipange upya mgawo wa masafa. Zuio hilo lilidumu hadi Aprili 1952, na katika kipindi hicho nchi nzima ilihudumiwa na vituo 108 tu. Miji mingi midogo haikuwa na kituo chake, wala haikuwa na matumaini ya kukipata karibuni.

Pengo hilo lilizibwa na mafundi na wenye maduka. Huko Astoria, Oregon, mwishoni mwa 1948, Ed Parsons alitega antena juu ya paa la hoteli, akayanasa matangazo ya kituo kipya cha Seattle, kisha akayapitisha kwa waya hadi kwa majirani. Huko Mahanoy City, Pennsylvania, John Walson, mwenye duka la vifaa vya umeme, alidai kuwa alianza mwaka huohuo, ingawa wanahistoria wameihoji tarehe hiyo kwa kuwa kumbukumbu zake ziliteketea kwa moto. Huko Lansford, katika jimbo hilohilo, Robert Tarlton na wenzake walianzisha kampuni mwaka 1950 iliyotoza ada ya kuunganishwa na ada ya mwezi. Mfumo huo uliitwa "televisheni ya antena ya jamii", na jina hilo lilieleza kazi yenyewe: antena moja ndefu badala ya mamia ya antena fupi zisizofanya kazi.

Katika mpangilio huo hapakuwa na mgogoro wa ada, kwa sababu maslahi ya pande mbili yalikwenda pamoja. Kituo cha Philadelphia hakikupoteza kitu kwa kuonekana kwenye mabonde ya makaa ya mawe ya Pennsylvania. Mgogoro ulihitaji sharti moja ambalo bado halikuwapo, yaani kebo na kituo kugombea watazamaji walewale.

3. Wadogo kwa wadogo: Twin Falls na Riverton

Sharti hilo lilitimia katikati ya miaka ya 1950. Baada ya zuio kuondolewa, vituo vilianza kufunguliwa hata katika miji midogo ya Magharibi. Wakati huohuo kampuni za kebo zilianza kutumia minara ya maikrowevu kuleta matangazo ya vituo vya mbali. Kituo cha mji mdogo kilichotegemea matangazo ya biashara ya maduka machache kilijikuta kikishindana na vituo vitatu au vinne vya jiji kubwa, vilivyoletwa na mtu asiyelipa chochote kwa bidhaa aliyoiuza. Inafaa kusisitiza kuwa mgogoro wa kwanza haukuwa wa mnyonge na mwenye nguvu. Pande zote mbili zilikuwa biashara ndogo.

Wenye vituo walikwenda kwanza kwa Tume. Mwaka 1958, katika shauri la Frontier Broadcasting, Tume ilikataa kuzisimamia kampuni za kebo. Mwaka uliofuata ilirudia kuwa haina mamlaka hayo, lakini ililishauri Bunge litunge sheria ya kuzitaka kampuni hizo zipate ridhaa ya vituo na kubeba kituo cha eneo lao kikiomba. Muswada wa kuiweka kebo chini ya Tume ulifika mbele ya Seneti mwaka 1960, ukarudishwa kwenye kamati kwa kura 39 dhidi ya 38. Kura hiyo moja ilikuwa na uzito mkubwa, kwani suala la ridhaa lingesubiri miaka 32 kabla ya kupata jibu la kisheria.

Njia ya pili ilikuwa mahakama. Huko Idaho, vituo vya Salt Lake City na kituo cha Twin Falls vilidai kuwa kuchukua matangazo yao bila malipo ni ushindani usio wa haki. Hukumu ya 1961, na baadaye ile ya mahakama ya rufaa ya 1964, hazikuwapa wenye vituo haki hiyo. Kwa mtazamo wa mahakama, mtu ambaye sheria ya hakimiliki haimlindi hawezi kupata ulinzi huohuo kwa kupitia mlango wa ushindani.

Njia ya tatu ndiyo iliyofanikiwa. Kampuni ya Carter Mountain iliomba kibali cha maikrowevu ili kupeleka matangazo ya mbali kwa mifumo ya kebo ya Riverton, Lander na Thermopolis, katika jimbo la Wyoming. Kituo cha eneo hilo, KWRB-TV, kilipinga. Mwaka 1962 Tume ilikubaliana nacho. Ilisema kuwa kituo kikifa, wakazi wa mashambani wasiofikiwa na waya wa kebo watabaki bila televisheni kabisa. Hata hivyo, iliacha mlango wazi: mwombaji angeweza kurudi akionyesha kuwa mifumo hiyo itabeba kituo cha eneo na kutorudufu vipindi vyake. Mahakama ya rufaa iliithibitisha hukumu hiyo mwaka 1963. Hapo ndipo mbegu ya wajibu wa kubeba ilipopandwa, nayo ilipandwa kwa jina la mtazamaji wa kijijini.

4. Wajibu bila malipo, 1965–1987

Tume ilipanua kanuni hiyo mwaka 1965 na tena mwaka 1966, ikaihusisha na mifumo yote ya kebo. Mwezi Juni 1968 Mahakama ya Juu ilitoa hukumu mbili kwa muda wa wiki moja. Katika shauri la Southwestern Cable ilikubali kuwa Tume ina mamlaka juu ya kebo. Katika shauri la Fortnightly, lililohusu mifumo ya Clarksburg na Fairmont, West Virginia, iliamua kuwa kampuni ya kebo haivunji hakimiliki, kwa sababu kazi yake inafanana zaidi na ya antena ya mtazamaji kuliko ya kituo. Mwaka 1974, katika shauri la Teleprompter, msimamo huo ulithibitishwa hata kwa matangazo ya mbali. Basi sheria ilikuwa imewapa wenye vituo ulinzi wa kuonekana, lakini ikawanyima malipo.

Sheria ya Hakimiliki ya 1976 ilileta maafikiano. Kampuni za kebo zilipewa leseni ya kisheria ya kurusha matangazo bila kumwomba kila mwenye kipindi, kwa kulipa ada iliyopangwa na serikali, na mifumo midogo ikatozwa kiasi kidogo zaidi. Malipo hayo yalikusudiwa wenye vipindi vilivyoletwa kutoka mbali, si kituo cha eneo kwa kazi yake ya kurusha matangazo. Uamuzi huo ulikuwa na maana kubwa kwa miji midogo: bei ilijulikana mapema, na ukubwa wa kampuni ulizingatiwa katika kuipanga.

Mhimili wa pili ulivunjika katika mji mdogo. Kampuni ya kebo ya Quincy, jimbo la Washington, ilionyesha vituo vya Seattle ambavyo wateja wake walivipenda. Tume iliiagiza ibebe pia vituo vya Spokane, ikaitoza faini ya dola 5,000 ilipokaidi. Mwaka 1985 mahakama ya rufaa iliamua kuwa wajibu wa kubeba, kwa namna ulivyoandikwa, ulikiuka uhuru wa maoni. Tume iliandika kanuni mpya, nazo zikabatilishwa mwaka 1987. Kwa mara ya kwanza tangu miaka ya 1960, vituo vya maeneo havikuwa na ulinzi wala malipo.

5. Sheria ya 1992 na wale iliowasahau

Wakati huo kebo ilikuwa imebadilika. Sheria ya 1984 ilikuwa imelegeza udhibiti wa bei, na bei zilipanda. Kufikia 1992 takriban asilimia 60 ya kaya zenye televisheni zilikuwa wateja wa kebo, na kampuni chache zenye mamilioni ya wateja zilitawala soko. Wenye vituo walilieleza Bunge kwamba kampuni hizo zinauza matangazo yao, kisha zinatumia mapato kuanzisha chaneli zinazowanyang'anya matangazo ya biashara. Bunge liliwasikiliza. Rais George H. W. Bush aliipinga sheria hiyo kwa kura ya turufu, lakini tarehe 5 Oktoba 1992 Bunge liliibatilisha kura hiyo. Katika kipindi chote cha urais wake halikuwahi kufanya hivyo kabla, wala halikufanya tena.

Sheria hiyo ilimpa mwenye kituo cha biashara hiari ya kuchagua kila baada ya miaka mitatu: ama adai wajibu wa kubeba bila malipo, ama achague ridhaa na kujadili masharti. Kituo dhaifu kingechagua njia ya kwanza. Kituo chenye nguvu kingechagua ya pili. Wajibu wa kubeba ulipingwa mahakamani, lakini Mahakama ya Juu iliuthibitisha mwaka 1997 kwa kura 5 dhidi ya 4.

Linalohitaji kuangaliwa kwa makini ni jinsi sheria ilivyoshughulikia wadogo. Katika sehemu ya wajibu wa kubeba iliwakumbuka. Mfumo wenye chaneli 12 au pungufu ulitakiwa kubeba vituo vitatu tu vya biashara vya eneo, na ule uliokuwa pia na wateja 300 au pungufu ulisamehewa, mradi usiondoe kituo ulichokuwa ukikibeba. Katika sehemu ya ridhaa hapakuwa na msamaha wa aina hiyo. Kampuni ya wateja 300 ilipaswa kupata ridhaa sawa na kampuni ya wateja milioni kumi. Watunga sheria walikusudia kuunda soko la haki za kurusha upya bila kuamua matokeo yake. Na katika soko lisilo na bei elekezi, ukubwa wa mnunuzi ndio unaosema. Haishangazi kwamba mwaka 1993 wenye kampuni ndogo waliunda chama chao, Small Cable Business Association, kilichokuja kuitwa American Cable Association na kisha ACA Connects.

6. Kutoka chaneli hadi fedha taslimu, 1993–2007

Duru ya kwanza ya majadiliano, mwaka 1993, ilikwenda kinyume na matarajio ya wenye vituo. Kampuni kubwa za kebo, zikiongozwa na TCI ya John Malone, zilikataa kutoa fedha. Mitandao ya kitaifa ya televisheni ilikubali malipo ya namna nyingine, yaani nafasi ya chaneli mpya: Fox ilipata nafasi ya FX, wamiliki wa ABC wakapata ya ESPN2, na NBC ikapata ya America's Talking. CBS iliyoshikilia kulipwa fedha ilirudi mikono mitupu. Wamiliki wa vituo vya miji midogo, wasio na chaneli ya kupendekeza, wengi wao hawakupata cha maana. Katika miaka hiyo ridhaa ilikuwa haki iliyoandikwa, lakini bado haikuwa na bei.

Kilichoipa bei ni setilaiti. Sheria ya 1999 iliziruhusu kampuni za setilaiti kuonyesha vituo vya eneo katika eneo lake, na ikavitaka vituo vijadiliane kwa nia njema. Kabla ya hapo, kituo kilichoondoka kwenye kebo kilipoteza watazamaji, naye mwenye kebo hakupoteza mteja, kwa kuwa mteja hakuwa na pa kwenda. Sasa mteja aliweza kuhamia kwenye dishi. Tishio la kuondoa matangazo, ambalo mwaka 1993 lilimwumiza zaidi aliyelitoa, likawa silaha.

Silaha hiyo ilijaribiwa kwanza katika miji midogo. Mwaka 2005 kampuni ya Nexstar, iliyomiliki vituo katika maeneo madogo na ya kati, iliviondoa vituo vyake kwenye mifumo ya Cable One na Cox katika miji kama Joplin, Missouri, na Abilene na San Angelo, Texas. Ilidai fedha kwa kila mteja. Kwa miezi kadhaa wakazi walirudia antena za nyumbani au walihamia kwenye setilaiti. Mwanzoni mwa 2007 kampuni ya Sinclair iliviondoa vituo vyake kwenye mifumo ya Mediacom, vikiwemo KGAN ya Cedar Rapids na KDSM ya Des Moines, Iowa. Mediacom ilikuwa imelalamika mbele ya Tume na kuomba usuluhishi. Idara ya Tume iliyosikiliza shauri iliona kuwa kudai bei kubwa si ushahidi wa kukosa nia njema. Makubaliano yalifikiwa Februari, wiki ileile ya fainali ya kandanda ya Kimarekani. Funzo lililobaki kwa kampuni ndogo kuliko Mediacom lilikuwa bayana: kanuni ya nia njema ilisimamia mwenendo wa majadiliano, haikusimamia bei.

7. Hoja za pande mbili na tatizo la ukubwa

Haki inadai kwamba hoja ya wenye vituo isipuuzwe. Kituo cha eneo kinaajiri waandishi wa habari, kinatangaza hali ya hewa ya hatari na kinafuatilia uchaguzi wa wilaya. Kampuni za kebo zilizilipa kwa miaka mingi chaneli za kitaifa ambazo nyingi zilikuwa na watazamaji wachache kuliko kituo hicho. Kwa mantiki hiyo, kukinyima kituo malipo kulikuwa sawa na kumtoza mwenye kituo ruzuku ya kumnufaisha mshindani wake.

Hoja hiyo ina nguvu, lakini inapungua katika mambo mawili. Kwanza, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2000 mitandao ya kitaifa, ambayo zamani ilivilipa vituo washirika ili virushe vipindi vyake, iligeuza mkondo na kudai sehemu ya ada. Fedha iliyokusanywa kwa jina la habari za eneo ilisafiri, kwa kiasi kikubwa, hadi New York na Los Angeles. Pili, vituo vingi vilinunuliwa na makundi makubwa, hivi kwamba kampuni ya kebo ya familia moja ilijikuta ikijadiliana na kundi lenye makumi ya vituo. Wakati mwingine vituo viwili vikubwa vya mji mmoja, vyenye wamiliki tofauti, vilijadiliana kwa sauti moja. Uchambuzi wa mwanauchumi William Rogerson, uliowasilishwa mbele ya Tume na chama cha kampuni ndogo, ulieleza kuwa umoja wa aina hiyo hupandisha ada, kwa sababu kupoteza vituo viwili kwa mpigo kunamwumiza mwenye kebo kuliko kupoteza kimoja kimoja.

Makadirio ya wachambuzi wa soko yanaonyesha ukubwa wa mabadiliko: jumla ya ada nchini kote ilikuwa chini ya dola milioni 300 mwaka 2006, na zaidi ya dola bilioni 10 mwaka 2019. Kampuni kubwa ilikabili ongezeko hilo ikiwa na mamilioni ya wateja wa kutishia kuwaondoa kwa mwenye kituo. Kampuni ya wateja elfu mbili haikuwa na tishio lolote, kwani kundi la vituo lisingehisi upungufu wao. Ilibaki na njia tatu: kulipa na kumpandishia mteja bei, kukubali kukatiwa matangazo, au kuacha biashara ya televisheni na kubaki na intaneti. Baadhi zilichagua njia ya tatu.

8. Kidole kimoja, 2010–2019

Waswahili husema kidole kimoja hakivunji chawa. Kampuni ndogo zilikuwa zimeielewa hekima hiyo mapema: mwaka 1984 zilianzisha ushirika wa ununuzi, National Cable Television Cooperative, uliojadili bei za chaneli za kitaifa kwa niaba ya wanachama. Lakini katika suala la ridhaa, kundi la vituo halikuwa na wajibu wa kukaa mezani na ushirika. Liliweza kumwita kila mmoja peke yake.

Mwaka 2010 kampuni za kebo na setilaiti ziliiomba Tume ibadilishe kanuni. Tume ilianzisha mapitio mwaka 2011, lakini ilieleza kuwa sheria haiipi uwezo wa kulazimisha usuluhishi wala kuamuru matangazo yaendelee wakati wa mgogoro. Hatua ya kwanza ya maana ilikuja Machi 2014, Tume ilipovizuia vituo vikubwa vya mji mmoja, visivyo na mmiliki mmoja, kujadiliana kwa pamoja. Mwishoni mwa mwaka huo Bunge lilipanua zuio hilo kwa sheria. Wauzaji, basi, walizuiwa kuungana pale ambapo hawakuwa kitu kimoja.

Hatua ya pili ilihusu wanunuzi. Sheria ya Desemba 2019 iliyataka makundi ya vituo yanayofikia zaidi ya asilimia 20 ya watazamaji wa nchi yajadiliane kwa nia njema na ushirika wa ununuzi unaowakilisha kampuni zisizozidi wateja 500,000 kila moja. Sheria haikupanga bei na haikufuta ridhaa. Ilibadilisha tu ni nani anayeweza kukaa upande wa pili wa meza.

9. Hitimisho

Historia hii inaonyesha kwamba swali la nani amlipe nani halijawahi kujibiwa kwa kupima thamani ya matangazo yenyewe. Mwaka 1950 kebo haikulipa kwa kuwa iliongeza watazamaji. Mwaka 1976 malipo yalipangwa na serikali na kumfikiria mdogo. Mwaka 1993 kampuni kubwa hazikulipa fedha kwa kuwa ziliweza kukataa. Baada ya 2005 karibu zote zililipa, na wadogo wakawa na uwezo mdogo kuliko wote wa kuipinga bei. Sheria ya 2019 inaweza kusomwa kama Bunge kukiri, baada ya miaka 27, kwamba soko lililoundwa mwaka 1992 lilimtazama mnunuzi mkubwa na kumwacha mdogo ajitegemee.

Liko pia jambo la ndani zaidi. Mwaka 1962, katika shauri la Riverton, kipimo cha uamuzi kilikuwa mkazi wa mashambani: je, atabaki na televisheni au hatabaki nayo? Katika sheria ya ridhaa mkazi huyo si mshiriki. Hakai mezani, haoni mkataba, na hujua kuwapo kwa mgogoro pale picha inapokatika. Kampuni ndogo na kituo cha eneo, ambao wote wawili walianza kwa ajili yake, wamebaki wakigombania fedha ambayo hatimaye hutoka mfukoni mwake na kwa sehemu kubwa haibaki katika mji wake. Tathmini yoyote ya sheria ya 2019 itapaswa kuanza na kipimo hicho cha 1962.